SINEMA ZA VUGIRI NA MTU ASIYEULIZWA

Wengi hudhani ya kuwa sinema ni mchezo wa mjini tu, wa kumalizia jioni na senti za mshahara. Lakini tangu zamani walikuwako watu waliotaka kuitumia kama mwalimu atumiavyo ubao: wakapiga picha za mambo ya kilimo, na afya, na fedha, ili watazamaji wakirudi makwao wabadili mwenendo. Katika nchi yetu kazi hiyo ilifanywa Vugiri, katika milima ya Usambara, tangu mwaka wa 1935 hata 1937, nayo yatupasa kuipima kwa haki, maana chanzo chake kilitoka katika misioni.

J. Merle Davis, wa Baraza la Kimataifa la Misioni, alikwenda mwaka wa 1932 kuchungua maisha ya watu wa migodi ya shaba, katika nchi iitwayo leo Zambia. Aliona watu wametoka katika desturi za wazee wao, wameingia katika maisha mapya pasipo kiongozi. Basi akatafuta fedha, na Shirika la Carnegie la New York likampa. Meja L. A. Notcutt alisimamia upigaji wa picha, na Bwana G. C. Latham mafundisho yake. Wakatengeneza picha zipatazo 35. Hazikuwa na sauti ndani yake. Maneno yalitiwa katika sahani za santuri, kwa Kiswahili na Kiganda na Kibemba na lugha nyinginezo, kisha zikazungushwa kwa gari Tanganyika, Kenya, Uganda, hata nchi za kusini. Hebu fikiri taabu ya kulinganisha santuri na picha usiku, uwanjani, watu wakisukumana! Kwa bidii hiyo nawasifu.

Picha zilizosalia ni chache sana, lakini habari zake twazijua, kwani mabwana hao wawili waliziandika kitabuni mwaka wa 1937. Moja ya picha zile za kwanza ilikuwa ya Benki ya Akiba ya Posta. Watu wawili wapokea mshahara. Mmoja azika fedha zake, mwivi azichukua. Mwenziwe aziweka posta, zasalimika. Hadithi yaeleweka, tena ina uchangamfu, maana mwivi hupendwa na watazamaji popote. Ila tazama ilivyojengwa: yupo mjinga na yupo mwerevu, na mwerevu ni yule afanyaye kama alivyoambiwa. Mbona yule wa kwanza alizika fedha zake? Labda posta i mbali. Labda haamini karatasi asiyoweza kuisoma. Labda akiba aijuayo ni mbuzi, na mbuzi huzaa. Lau angalipewa nafasi ya kusema neno lake, kisha akajibiwa, mtazamaji mwenye mawazo kama yake angaliona ameheshimiwa. Lakini santuri yasema juu yake, yeye hasemi. Picha ya ugonjwa wa safura nairidhia zaidi, maana mtu huweza kuchimba choo kwa jembe lake mwenyewe, asingoje posta ya mtu.

Mwaka ule ule wa 1935 Arthur Elton na Edgar Anstey walipiga picha huko London, katika mtaa wa Stepney, wakaiita Housing Problems, yaani matatizo ya nyumba. Waliingiza mashine na taa katika vyumba vya maskini, na wenyeji wakasimama mbele yake wakasimulia wenyewe, kwa matamshi yao ya mtaani, habari za panya na kunguni na kuta zenye unyevu. Hapana hadithi, hapana mwivi, nawe huwezi kuondoa macho. Nathani alipotumwa kwa Daudi hakuanza kwa makemeo. Alimweleza habari ya kondoo wa maskini, hata mfalme akatoa hukumu kwa kinywa chake. Ndivyo ifanyavyo picha hii kwa mwenye mali na mwenye mamlaka. Picha ya posta ilimtaka maskini abadilike. Hii yamtaka mkubwa abadilike, nalo ni jambo gumu zaidi. Hata hivyo haikukosa ila: fedha zake zilitolewa na wauza gesi, ambao nyumba mpya zikijengwa watapata kuuza majiko. Na waliohamia nyumba mpya wasikika wakisifu tu.

Niongeze habari moja iliyotolewa na John Wilson mwaka wa 1961. Wanakijiji wa Afrika walionyeshwa picha iliyokwenda polepole sana, ya kuondoa maji yaliyotuama. Walipoulizwa wameona nini, walijibu: kuku. Wenye picha hawakujua ya kuwa yumo kuku. Wakaichungua kipande kwa kipande, wakamkuta pembeni, kwa muda wa nukta moja hivi. Wilson aliyatumia haya kuonyesha ya kuwa watu wale hawajajifunza kutazama sinema. Mimi naona vingine. Watu waliona kitu kilicho chao. Wenye picha wangalikaa nao kwanza na kuuliza habari za kuku, wangalipata pa kuanzia: bakuli la maji ya kuku, lililosahauliwa nyuma ya nyumba, ndimo mbu hutaga.