Bomba Lipi Lifungwe? Uhakiki wa Lugha ya Karatasi Moja ya Ufundi

Katika kazi yetu ya kukagua lugha ya maandishi ya kiufundi, imetupitia mikononi karatasi ya maelezo iliyokusudiwa kumwongoza mwenye nyumba na fundi wake wabadilishe mabomba makuukuu ya jikoni na bafuni. Hatutawataja walioitoa, kwa kuwa kosa lililomo si lao peke yao. Sehemu yake ni yetu sisi tunaosanifu istilahi. Kwa upande wa sarufi karatasi hiyo haina dosari kubwa. Upatanisho wa ngeli umezingatiwa, na maneno ya kigeni ni machache. Hata hivyo, twathubutu kusema kwamba mtu akiifuata neno kwa neno atalowa.

Haja ya maelezo kama hayo ni kubwa. Nyumba nyingi za zamani mijini zilitiwa mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki. Zinki hukikinga chuma kwa kuliwa yenyewe kwanza; ikiisha, kutu hushika upande wa ndani, tundu huzidi kuwa jembamba, na maji ya kwanza ya asubuhi hutoka yana rangi ya chai. Ndipo fundi huitwa.

Agizo la kwanza katika karatasi lamwambia msomaji afunge bomba kuu, kisha afungue bomba la jikoni. Mwandishi alikusudia kwamba maji yazuiwe kwenye valvu ya kuingilia nyumbani, halafu koki ya jikoni iachwe wazi ili maji yaliyobaki yamwagike kabla ya kazi kuanza. Lakini fundi kijana, au mpangaji anayejifanyia mwenyewe siku ya Jumapili, aweza kulielewa vingine bila kuvunja kanuni yoyote ya Kiswahili. Kufunga ni kuziba; pia ni kupachika, kama tusemavyo kwamba fundi amekuja kufunga feni. Kufungua ni kuruhusu maji; pia ni kulegeza kwa spana na kung'oa. Akiyashika maneno hayo kwa maana ya pili, atakaza bomba kubwa, kisha atang'oa bomba la jikoni hali maji yangali yakija kwa nguvu zote. Aishiye ghorofa ya chini ndiye atakayepata habari kwanza.

Na bomba lenyewe ni nini? Neno hili tulilipokea kwa Wareno, na kwao maana yake ni chombo cha kuvutia au kusukumia maji. Maana hiyo ingalimo katika bomba la baiskeli na bomba la sindano. Kisha likaenea hadi kwenye mwanzi wa chuma upitishao maji, na hatimaye hadi kwenye kile kichwa kinachozungushwa kwa mkono. Mama anayemtuma mtoto bombani na baba anayelalamika kuwa bomba limepasuka ukutani hawazungumzii kitu kimoja.

Wako wenzetu wasemao kwamba muktadha hutosha kuondoa utata. Twakubali kwamba hutosha kwa yule aijuaye kazi, lakini huyo hahitaji karatasi. Kwa hiyo twapendekeza kwamba katika maandishi ya ufundi bomba liwe ni ule mwanzi tu. Mashine iitwe pampu. Na kifaa cha kufungulia maji kiitwe koki. Bilula ni neno zuri, nasi hatulifuti katika kamusi, ila muuza vifaa huitikia koki upesi zaidi. Mfereji, kama wasemavyo Mombasa na Unguja, hautufai hapa, maana kwa wasomaji wengi wa bara ni njia ya maji machafu, nayo pia imetajwa katika karatasi hiyohiyo. Agizo basi lingesomeka hivi: zuia maji kwenye valvu ya kuingilia, fungulia koki ya jikoni mpaka maji yakatike, ndipo ulegeze bomba kwa spana.

Kosa la pili ni la siri zaidi. Karatasi yakataza kuunganisha bomba la chuma moja kwa moja na la shaba, kisha mistari miwili mbele yaagiza kiwekwe kipande cha shaba baina yao. Msomaji atadhani mwandishi amejipinga. Hakujipinga, kopa ikigusana na chuma chenye zinki majini, chuma huliwa haraka, na kipande cha aina nyingine ya shaba baina yao hupunguza madhara hayo. Sisi ndio tulioziacha metali mbili chini ya jina moja. Makamusi hutofautisha shaba nyekundu na shaba nyeupe, ingawa hiyo nyeupe machoni mwetu ni manjano. Tofauti hiyo ingeandikwa, kitendawili kisingekuwapo.

Kuhusu mabomba ya plastiki tutasema machache. Kugundisha kumetumika kwa plastiki zote, ilhali polipropilini haishiki gundi: huyeyushwa kwa joto la nyuzi 260 za Sentigredi, kisha ncha huingizwa katika kiungo. Vilevile kipenyo kimetajwa bila kusemwa ni cha ndani au cha nje. Bomba la chuma liitwalo la nusu inchi lina kipenyo cha nje cha milimita 21 hivi. La polipropilini la milimita 20, lenye unene wa milimita 3.4, hubakiwa na tundu la milimita 13.2 tu.

Neno moja hatukulisahihisha, nalo ni kiwiko, kwa maana ya kiungo cha kupindia bomba. Lina asili njema, kwani lugha yetu tayari ina mguu wa meza na mdomo wa chupa. Tulipoliomba katika duka moja la vifaa vya ujenzi Kariakoo, muuzaji alituuliza kama twatafuta dawa ya kuchua. Tulipokionyesha kipande chenyewe kwa kidole akasema, "Aa, elbo!" Tumeandika yote mawili, elbo likitangulia.