Nzige Wekundu wa Rukwa na Dawa Iuayo Polepole

Katikati ya mwaka 2009, ndege zilinyunyiza spora za kuvu juu ya nzige wekundu katika mbuga za Iku na Katavi, tambarare za Ziwa Rukwa na ardhi oevu za bonde la Mto Malagarasi, magharibi mwa Tanzania. Eneo lililonyunyiziwa lilikuwa kama hekta 10,000, na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilieleza kwamba hiyo ilikuwa mara ya kwanza barani Afrika kwa kiuatilifu cha kibiolojia kutumika kwa upana namna hiyo dhidi ya nzige. Mlipuko ulipungua sana kabla haujageuka baa. Tangu hapo wapo wanaoisifu kuvu hii kama silaha kali, na wapo wanaoibeza kuwa ni goigoi. Naona pande zote mbili zinaitazama dawa peke yake. Kuvu ilifaulu Rukwa kwa sababu ilipelekwa kwa mdudu, katika majira na mahali ambapo kuua polepole hakukuwa hasara.

Kuvu yenyewe huitwa Metarhizium acridum. Nzige hahitaji kuila. Spora ikigusa gamba lake hunata, huota na kutoa vimeng'enya vinavyolilainisha gamba hilo, kisha hupenya hadi kwenye damu na kuongezeka humo mpaka mdudu afe, kwa kawaida kati ya wiki moja na tatu. Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1879 mwanabiolojia Élie Metchnikoff alikuwa tayari akichunguza kuvu ya jamii hiyo karibu na Odessa, akitaka kuitumia dhidi ya mbawakawa wa ngano. Kilichokwamisha kazi kwa miaka mingi ni unyevu: spora iliyochanganywa na maji inahitaji hewa yenye unyevunyevu ili iote, nayo makao ya nzige ni makavu. Mradi wa LUBILOSA, ulioanza mwaka 1989 na kuwakutanisha watafiti wa Ulaya na Afrika Magharibi, ulikivuka kikwazo hicho kwa kutumia mafuta. Mafuta hushikana na nta iliyo juu ya gamba, husambaa hadi kwenye mikunjo ya viungo, na kuiwezesha spora kuota hata hewa ikiwa kavu. Zaidi ya hayo, mchanganyiko wa mafuta hunyunyizwa kwa matone madogo mno, hivyo gramu 50 hivi za spora zinatosha hekta nzima. Aina iliyochaguliwa ilipatikana kwa panzi wa Niger, ikazalishwa juu ya punje za mchele, ikakaushwa na kuuzwa kwa jina la Green Muscle. Kwangu mimi, uamuzi wa kutumia mafuta una uzito zaidi kuliko ugunduzi wa kuvu yenyewe.

Sasa tumtazame mdudu. Nzige mwekundu huzaa kizazi kimoja tu kwa mwaka. Hutaga mvua zinapoanza, tunutu, yaani nzige wachanga wasio na mabawa, hukua wakati wa mvua, na kiangazi kikifika wamekwisha kuota mabawa lakini hawajakomaa kwa uzazi. Hubaki hivyo hadi mvua nyingine. Kwa hiyo nzige aliyepata spora mwezi Juni akafa mwezi Julai hajataga hata yai moja, na wiki tatu za kusubiri hazikumpa nafasi yoyote ya kuongeza kizazi. Mahali nako kulisaidia. Mazalia yake ni nyasi za ardhi oevu, penye viboko, tembo, ndege na samaki wanaotegemewa na wavuvi. Fenitrothioni, sumu iliyozoeleka kwa nzige hawa, huangusha haraka, lakini ni hatari kwa ndege na kwa viumbe wadogo wa majini wanaoliwa na samaki. Metarhizium acridum huwalenga panzi na nzige, na ndege anayemdona nzige mgonjwa hadhuriki. Kwa kweli ndege huikamilisha kazi, kwa kuwa nzige aliyedhoofika hukamatwa kwa urahisi.

Atakayepinga atasema kwamba nzige anayekufa baada ya wiki mbili bado ana wiki mbili za kula. Ni kweli, na kundi likiwa limeshatua kwenye mahindi, mkulima anastahili dawa ya haraka. Ila kasi nayo hudanganya. Katika majaribio ya Niger miaka ya 1990, fenitrothioni iliwapunguza panzi papo hapo, kisha sumu ikaisha nguvu na wengine wakahamia hapo. Palipotumika kuvu, spora zilizobaki kwenye majani ziliendelea kuambukiza, na idadi ya panzi ikabaki chini. Hoja ya joto ni nzito zaidi. Nzige huota jua hadi mwili wake ukakaribia nyuzi 40, na katika joto hilo kuvu husimama. Haifi, lakini siku zinaongezeka. Bei pia ni kubwa kuliko ya kemikali nyingi, ingawa bei ya kemikali haihesabu samaki wala ndege waliopotea.

Mwaka 2020 ulithibitisha kwamba uchaguzi wa dawa hutegemea hali ya mdudu inapomfikia. Makundi ya nzige wa jangwani yalipoingia Kenya yakiwa na mabawa na uwezo wa kwenda kilomita 100 na zaidi kwa siku, kemikali ndizo zilizotegemewa. Somalia, ambako tunutu walikuwa wakianguliwa ardhini, ilitumia kuvu kwa wingi. Kinachoamua, basi, ni kuwaona nzige mapema, na kwa nzige wekundu jambo hili linawezekana kuliko kwa jamaa zao wa jangwani. Baada ya baa lililoanza mwaka 1930 na kudumu hadi 1944, mazalia yao yalichunguzwa na yanajulikana: yako Tanzania, Zambia, Malawi na Msumbiji, na kuna shirika la kikanda lenye makao Ndola, Zambia, lililokabidhiwa kazi ya kuyakagua kwa michango ya nchi wanachama. Spora nazo huchukua muda kuzalishwa, kwa hiyo lazima ziagizwe kabla ya hofu kutanda. Michango ikichelewa, ukaguzi unachelewa. Na nzige wakigunduliwa wakiwa tayari juu ya mahindi ya Sumbawanga, hakuna atakayeagiza kuvu, wala hatakuwa na kosa kwa kutoiagiza.