Upepo Uliojificha Kwenye Chasisi

Pedali ya breki ikizama laini chini ya mguu, fundi yeyote atakwambia kuna upepo. Kazi ni kujua umekaa wapi. Land Cruiser moja ya mizigo niliyoikuta gereji ya Korogwe ilitolewa upepo mara mbili kwa siku moja, na mara zote pedali ikazama vilevile. Mara ya tatu ikasimama.

Gari lilikuwa limebadilishwa silinda za breki za nyuma, na bomba likishafunguliwa upepo huingia. Mafuta ya breki hayashindiliki, ndiyo maana nguvu ya mguu hufika gurudumuni. Upepo hushindilika, nguvu ikaishia humohumo.

Kwa mikono, fundi hakukosea. Alianza na gurudumu la mbali zaidi na masta silinda, yaani nyuma kushoto kwa gari lenye usukani kulia. Alichomeka mpira mwangavu kwenye skrubu ya kutolea upepo, ncha ya pili akaizamisha kwenye mafuta safi ndani ya chupa. Msaidizi alikaa kwenye usukani. "Pampu!" Akakanyaga mara tatu. "Shikilia!" Mguu ukatulia. Spana ikalegeza robo mzunguko, mapovu yakatoka, skrubu ikakazwa. "Achia!" Mguu ukiachia kabla skrubu haijakazwa, upepo hurudi ndani. Chini ya pedali waliweka kipande cha mbao, kwa sababu kwenye masta silinda iliyozeeka, kukanyaga hadi sakafuni husukuma mipira yake kwenye kutu ikachanika. Kikombe cha mafuta nacho hakikuachwa kikauke.

Kosa lilianzia kwenye jeki. Gari liliinuliwa kwa chasisi, ekseli ya nyuma ikaning'inia. Gari hilo lina vali ya mzigo, iliyofungwa kwenye chasisi na kuunganishwa na ekseli kwa fimbo. Gari likiwa tupu chasisi hupanda, na vali hupunguza shinikizo la breki za nyuma ili magurudumu yasijifunge. Ekseli ikining'inia, vali hubana kana kwamba gari halina mzigo hata kidogo. Tena vali hiyo ina skrubu yake ya kutolea upepo. Ilikuwa imefunikwa na tope, na hakuna aliyeigusa.

Mara ya tatu gari lilishushwa likasimama kwa matairi yake. Urefu wake unamruhusu fundi kuingia chini bila jeki. Wakarudia nyuma, wakaja mbele, wakamalizia na vali. Hapo yakatoka mapovu madogo mfululizo, kama ya soda iliyofunguliwa sasa hivi, hadi yakaja mafuta matupu.

Waliendelea kutoa mpaka mafuta meusi ya zamani yakaisha, nao walifanya vyema. Kiwango cha DOT 3 kinataka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji asilimia 3.7, kinachodaiwa ni 140 tu. Dereva anayeteremka kutoka Lushoto hadi Mombo, mguu kwenye breki kona baada ya kona, akichemsha mafuta hayo hupata mvuke bombani, nao hushindilika kama upepo.

Kwa hiyo, ukienda kuchukua gari lenye vali hiyo, chutama uangalie nyuma. Skrubu ya vali ikiwa bado imefunikwa na tope, usiliwashe. Mwite fundi amalize kazi.