Sanamu Iliyotoka Kwenye Vifusi

Mwezi uliopita pale kituo cha vijana tulibanana watu 18 mbele ya kompyuta moja, tukatazama usiku wa kufunga msimu wa Proms kule London. Betri ilitosha sehemu ya pili tu, na bahati nzuri sherehe yenyewe iko huko. Vijana walitegemea kuona watu wa suti waliokaa kimya. Wakakuta maputo, kofia za ajabu, na bendera mpaka juu. "Kaka, hii ni mpira ama muziki?" mmoja akaniuliza.

Ni muziki. Proms ilianza 1895, Henry Wood akiongoza okestra, kwa wazo kwamba tiketi iwe rahisi na mtu asimame. Mpaka leo wanaosimama chini pale wako karibu kabisa na wapigaji, na wamelipa kidogo kuliko wengi waliokaa. Hilo nimelipenda sana. Kwetu kwenye matamasha viti vya mbele ni vya wageni, watoto wanasukumwa nyuma ya kamba. Ndugu wa mashirika mnaotusomea, mnanielewa.

Kuna nyimbo za mabaharia alizoziunganisha Wood mwaka 1905, kukumbuka miaka 100 ya vita vya Trafalgar. Katikati chelo inalia peke yake, taratibu, na watazamaji wanatoa vitambaa kujifanya wanafuta machozi. Mimi nilikasirika, maana chelo ile ilikuwa nzuri na mzaha uliifunika. Mzee mmoja wa kwaya akanituliza: "Mwanangu, waache. Hata kwenye matanga watu wanacheka." Sawa, labda.

Lakini "Rule, Britannia!" hapana, sikutulia. Muziki wake ni wa Thomas Arne, 1740, na unatia hamu ya kusimama, siwezi kukataa. Maneno yanajivuna kwamba Waingereza hawatatiwa utumwani. Mwaka ule meli zao zilikuwa zinavusha Waafrika baharini wamefungwa minyororo, biashara ambayo Bunge lao lilikuja kuipiga marufuku 1807. Na sisi tunaoishi mkoa huu wa Kigoma, Ujiji si mbali, tunajua misafara ya watumwa kutoka Manyema ilipita wapi. Mwaka 2020, ukumbi ukiwa mtupu kwa sababu ya korona, ilitangazwa kwamba wimbo utapigwa bila maneno. Mabishano yakawa makubwa, maneno yakarudi. Mi naona yaimbwe, ila mtangazaji awe anautaja huo mwaka 1740 na meli zake. Kuyaficha hakumsaidii mtu.

Sasa kitu kilichonishika. Mbele ya kinanda kikubwa cha ukumbi kuna sanamu ya shaba, kichwa cha Wood. Zamani Proms ilikuwa Queen's Hall, na Mei 1941 mabomu ya Wajerumani yakauteketeza ukumbi ule. Sanamu ikaokolewa kwenye vifusi. Mwaka huohuo tamasha likahamia Royal Albert Hall, likaendelea, na halijarudi kwao mpaka leo. Kila usiku wa mwisho wale wanaosimama wanaivisha sanamu taji la majani.

Nilipowaeleza vijana, kelele za bendera zikaisha pale ndani. Binti mmoja, aliyefika kambini na kitabu cha nyimbo cha mama yake kisicho na jalada, akaomba turudishe nyuma aione vizuri. Tukarudisha mara mbili, halafu betri ikakata.