Mkanda wa Saa Tatu

Anaanza kwa kunusa. Akishakabidhiwa kaseti ya video, fundi huyu wa Makoroboi huinua kifuniko chake cha mbele kwa kidole gumba, huisogeza puani, kisha huielekeza kwenye mwanga wa mlango. Mwanza ni mji wa maji. Unyevu wa ziwa huingia kabatini na chini ya vitanda, na kaseti iliyosahaulika humo tangu enzi za Mkapa huota ukungu mweupe pembeni mwa mkanda. Ya namna hiyo haiingizi kwenye deki hata mwenyewe akimlilia. Hufungua skrubu zake tano, hutoka nje amejifunga kitambaa puani, akaupitisha mkanda wote taratibu kwenye kipande cha nguo kavu, mita kwa mita.

Kisha hedi. Ndani ya deki kuna ngoma ndogo ya chuma inayozunguka mara 1,500 kwa dakika, na hedi zinazosoma mkanda zimepachikwa ukingoni mwake. Wengi huzisugua kwa pamba, juu na chini, zikavunjika. Yeye hulowesha karatasi safi kwa spiriti, huiegemeza kwenye ngoma bila kukandamiza, halafu huizungusha ngoma yenyewe kwa kidole cha mkono wa pili. Karatasi imetulia, ngoma ndiyo inayotembea. Ikitoka na mstari wa kahawia, hukunja upande mwingine na kurudia, mpaka itoke nyeupe. Hapo nimekaa bencini nikatazama nisitamani kwenda popote.

Waya wa njano, mweupe na mwekundu, kifaa kidogo cha kunasia picha kinachochomekwa ubavuni mwa kompyuta, programu ya kurekodia: hivyo vyote vinauzwa, na anayetaka atavipata. Kazi ni kukaa. Mkanda wa saa tatu huingia kwenye kompyuta kwa saa tatu kamili, na yeye hukaa nao mpaka mwisho. Anagusa trekingi mistari inapoanza kuruka. Anaangalia kama midomo na maneno bado vinakwenda pamoja, maana kompyuta ikilemewa hudondosha picha moja hapa, nyingine pale, na ifikapo saa ya pili bwana harusi ameshafunga mdomo ndipo kiapo chake kinasikika. Umeme ukikatika katikati, anarudisha mkanda nyuma na kuanza upya, hata kama giza limeshaingia.

Deki zilitangulia vituo vya televisheni huku kwetu bara. Zanzibar walikuwa na chao tangu miaka ya sabini mwanzoni. Bara tulingoja hadi 1994, ITV na wenzake walipoanza kurusha matangazo. Katika miaka hiyohiyo wapiga video walizunguka na kamera nzito begani na taa ya kuumiza macho, na wao ndio waliotuandikia Mwanza ya wakati ule: sendofu za Kirumba, komunyo ya kwanza, ngoma ya bugobogobo na sherehe za Bulabo kule Bujora, vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu wakigombea watazamaji. Mengi ya hayo hayakuandikwa popote pengine.

Mama mmoja wa Igogo alileta kaseti ya harusi ya 1995. Kaka yake alizama na MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, meli ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza. Picha zake za karatasi anazo. Sauti yake ilikuwa humo tu. Katika shughuli nzima kaka huyo hatajwi, hakuwa mshenga wala mpambe wa bwana harusi. Anatokea mwishoni, baada ya keki na zawadi, mpiga video akidhani ameshazima kamera: viti vinapangwa, na kijana mwenye shati jeupe anauliza kwa sauti kubwa nani anabaki na funguo za ukumbi, halafu anacheka. “Rudisha, mwanangu,” mama alisema. Fundi akarudisha. Akasema tena, naye akarudisha tena, bila kuangalia saa.

Kipande kama hicho ndicho wanachokata watu wa maduka ya haraka. Wao huweka mkanda wakaenda kula, hupunguza mwanzo na mwisho, huibana picha itoshe kwenye simu. Picha 25 za kila sekunde, ambazo kila moja imegawanywa nusu mbili zinazopishana, huunganishwa ovyo, na mtu akicheza mikono yake inaota meno kama ya kitana. Kisha mteja huambiwa kaseti sasa ni takataka. Nimeona mikanda ya harusi imefungwa kwenye vijiti mashambani mwa mpunga, kutishia ndege.

Na deki hazitengenezwi tena. Funai ya Japani, kiwanda cha mwisho, iliacha Julai 2016. Fundi wetu anaishi kwa kuvunja deki mbovu apate ngoma na mikanda ya mpira. Mwanafunzi hana, aliyekuwa naye aliona ujira wa kaseti moja haulipi saa tatu za kukaa. Ujira huo tuliushusha sisi wateja. Tunatoa laki kadhaa kwa simu mpya bila kunung'unika, halafu tunagombana naye bei ya sauti za wazazi wetu.