Mguu wa Kulia

"Ilikuchoma mguu gani?"

Mzee aliniuliza bila kuinua kichwa. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa kibanda chake kando ya Rabai Road, nikitazama gamba la bati lililopakwa rangi nyeusi ambalo kijana wa mkokoteni alikuwa amelitua pale asubuhi, pamoja na gunia la vyuma. Nilikuwa nimemwambia Mzee kwamba utotoni, hapa hapa Buruburu, kulikuwa na kipikipiki cha namna hiyo, na kwamba egzosi yake iliniachia alama.

"Wa kulia," nikasema.

"Ndani au nje?"

"Ndani, kwenye shavu la mguu."

Akaguna, akavuta kauntabuku lake lenye jalada lililolowa oili, akaandika. Kovu langu likaingia kwenye rekodi.

Nimewaona mafundi wengi wakipokea pikipiki. Spana huwa imeshauma nati kabla mwenye mali hajamaliza kueleza kilichomleta. Mzee huyu hukaa. Huvuta kigoda, huweka chuma mbele yake, na siku nzima inaweza kupita hajalegeza hata skrubu moja. Kwanza anataka kujua ni nani amemjia.

Aliyemjia safari hii hakuwa na jina. Hapakuwa na nambari ya usajili, wala logibuku, wala beji ubavuni. Hata tangi la petroli halikuonekana. Aliyemuuzia mwenye mali vyuma hivyo alikuwa amevipima kwa kilo. Lakini fremu haikuwa ya mabomba kama pikipiki nyingine. Ilikuwa vipande viwili vya bati vilivyokandamizwa kwa mashine na kuunganishwa kama maganda ya njugu, vikafanya kitu kinene kama herufi T iliyolazwa. Mzee akapenyeza mkono mahali pa kiti, akalikuta tangi limejificha tumboni mwa fremu. Akazungusha rimu: inchi kumi, saizi ya Vespa. Akaitazama injini, silinda yake imelala, kichwa kikielekea gurudumu la mbele. Hapo alikuwa ameshajua, nadhani, ila hakusema. Alisugua shingo ya fremu kwa msasa laini mpaka chuma kikaonekana, akalaza juu yake karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, akapitisha penseli kwa ubavu, taratibu, kama tulivyokuwa tukifanya na sarafu darasani. Zikajitokeza: S, T, saba, sufuri, kistari, kisha tarakimu.

Ilikuwa Honda Dax. Ilitoka Japani mwaka 1969, ikapewa jina la dachshund, yule mbwa wa Kijerumani mrefu wa kiwiliwili na mfupi wa miguu. Marekani iliuzwa kama CT70. Ina binamu aliyeitangulia, Monkey, aliyeundwa mwaka 1961 ili watoto wamchezee katika bustani ya burudani ya Tama Tech huko Tokyo. Na wote ni wa ukoo wa Super Cub ya 1958. Dax ilikusudiwa watu waliotaka kutoka mjini wikendi: usukani wa zile za mwanzo ulikunjika ili chombo kiingie kwenye buti ya gari.

Mtu mwingine angeishia hapo. Mzee alisema fremu inaweza kunena kweli na injini ikadanganya, maana injini za ukoo huu huhamishwa kutoka mwili mmoja kwenda mwingine kama kofia. Dax ilikuwa na ndugu mdogo wa cc 49, na ukiwasimamisha pamoja huwatofautishi kirahisi. Mwendo wa pistoni ni uleule, milimita 41.4, kinachowatenga ni upana, 39 kwa mdogo na 47 kwa mkubwa. Akafungua, akapima silinda mahali patatu, kwa kuwa silinda iliyochoka huwa imeacha kuwa duara. Arobaini na saba, na kidogo. Akaifuta pistoni kwa kitambaa chenye petroli, akanionyesha tarakimu zilizopigwa muhuri kichwani: 0.25.

Alinyamaza kitambo. Pistoni ya robo milimita zaidi haiingii mpaka silinda ichongwe upya kwenye mashine ya kukereza, na hii ilikuwa imechongwa kwa unyoofu ambao Mzee alirudia kuupima kana kwamba haamini. "Kuna fundi alipita hapa kabla yangu," akasema. "Tena fundi kweli." Hatutajua alikuwa nani. Huenda alikuwa Grogan, ambayo siku hizi ni Kirinyaga Road, huenda Kariobangi. Kazi yake ilikaa gizani ndani ya chuma miaka yote hiyo ikisubiri mtu mwenye macho ya kuisoma.

Sasa niseme kuhusu koti yetu. Buruburu ilijengwa kwa awamu tano, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa fedha za mkopo kutoka Uingereza, na familia zilizoingia zililipia nyumba kidogo kidogo kwa miaka mingi. Paa za vigae vyekundu, ua mdogo nyuma, na katikati ya kila kundi la nyumba uwanja wa pamoja tulioujua kwa jina la koti. Kwetu Phase 3, baba wa jirani yetu alifanya kazi uwanja wa ndege Embakasi, na siku moja akaja na kipikipiki chekundu. Sijui alikipata wapi. Ninachojua ni foleni. Watoto wote wa koti walipanga mstari, wakubwa kwa wadogo, na mwanawe alimbeba kila mmoja nyuma kwa mzunguko mmoja tu, kupita mti wa mjakaranda, kupita gari la mwalimu lililokuwa juu ya mawe, kurudi. Hakuna aliyelipa. Hakuna aliyeruka foleni, hata mwenye nguvu.

Egzosi ya Dax hupanda juu ubavu wa kulia, na kiwandani hufunikwa kwa bati lenye matundu ili mguu usiungue. Kile cha kwetu kilikuwa kimepoteza bati hilo. Kwa hiyo mzunguko mmoja ulikugharimu ngozi usipojua kupanua mguu, na sote hatukujua mara ya kwanza. Mama alinipaka dawa ya meno, akanigombeza, kesho yake nikarudi kwenye foleni. Tulikuwa tukilinganisha makovu ukutani mwa nyumba yetu, suruali zimekunjwa, kila mtu akidai lake ndilo refu. Mpaka leo nikikutana na mtu wa rika langu kutoka koti ile, mwenye tai na kitambi, najua kilichofichwa chini ya suruali yake.

Koti ile haina mahali pa kuzungukia sasa. Wamejenga nyumba za kupangisha mbele na nyuma ya zile za awali, ghorofa juu ya ua, geti juu ya njia. Siwalaumu, kodi za wapangaji zimesomesha watoto. Lakini mjakaranda ulikatwa asubuhi moja na msumeno wa injini, na hakuna aliyetoka kuuliza.

Pikipiki nazo zimejaa kuliko wakati wowote. Tangu kodi ya pikipiki ndogo ilipoondolewa mwishoni mwa miaka ya 2000, bodaboda zimekuwa kila kona, na kijana anayeendesha hana muda wa kukaa kigodani: mkopo unamdai kila jioni. Chombo kikigoma, kifaa hung'olewa, kipya hufungwa, cha zamani hutupwa mtaroni. Hata kwa Dax hii mtu wa vipuri alimpa Mzee ushauri wa haraka. Kuna injini mpya za Kichina zilizonakili ramani ya Honda kiasi kwamba boliti zake zinakaa palepale. Siku moja tu na kazi imekwisha. Mzee alimshukuru, akarudi na pistoni yake mfukoni.

Uzembe aliokutana nao zaidi ulikuwa kwenye skrubu. Skrubu za Honda za zamani zina msalaba kichwani, na mwenye haraka hudhani ni msalaba wa bisibisi ya nyota inayouzwa kila duka la hadweya. Sio. Wajapani walikuwa na kipimo chao. Bisibisi ya kawaida haifiki chini kabisa. Ukikaza mkono, inapanda na kuula msalaba mpaka unabaki shimo la mviringo, ndipo patasi na nyundo huitwa. Nilihesabu skrubu tatu za kifuniko cha klachi zilizopigwa patasi. Mzee aliyaita majeraha. Ana bisibisi moja aliyoisaga ncha yake mwenyewe kwenye jiwe, kidogo kidogo, mpaka ikaketi ndani ya msalaba wa Kijapani bila kucheza. Mpini wake ameufunga utepe mwekundu, na hakuna anayeruhusiwa kuiazima. Tangi alilitoa kutu kwa ukwaju. Alilijaza maji mazito ya ukwaju na kipande cha cheni kuukuu, akalitikisa jioni na asubuhi kwa siku sita, kama nyanya wa Pwani anayesugua sinia la shaba kwa ajili ya arusi.

Halafu rangi. Juu ilikuwa nyeusi ya kopo. Chini yake buluu, ambayo bila shaka ilibaki kwenye geti la mtu. Chini yake kijani. Na pale shingoni, mahali ambapo jua halikuwahi kufika, doa lenye ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi: wekundu wenyewe wa kiwandani. Haukuwa wekundu uliokaa juu ya bati. Ulikuwa na kina, kama mwanga uliowekwa ndani ya maji ya komamanga. Rangi ya namna hiyo haitoki kwenye kopo moja. Chini hupakwa fedha, kisha juu yake wekundu unaopitisha mwanga, safu nyembamba baada ya safu nyembamba. Kila safu hukoleza, na mkono ukisita mahali pamoja kwa kupepesa jicho huacha wingu lisilofutika. Madukani walimwambia Mzee kwamba nyekundu ni nyekundu, wakamletea ya lori.

Aliyeielewa alikuwa kijana anayechora matatu za njia namba 58. Watu wazima wa mtaa huu wamezilalamikia matatu hizo miaka mingi, kelele na picha zake, lakini vijana wanaozichora wanajua kulaza rangi angavu juu ya fedha. Alikata vipande vinane vya mabati, akavipaka, cha kwanza safu moja, cha nane safu nane, akavitundika kwenye waya. Saa sita mchana, jua likiwa utosini, yeye na Mzee walivipeleka kimoja kimoja kando ya lile doa la shingoni. Cha tano kikapotea ndani yake. Walitazamana kama watu waliomwona ndugu aliyedhaniwa amefariki. Doa hilo Mzee hakuruhusu lipakwe juu. Limebaki chini ya usukani, mahali ambapo mwenye mali hatalitafuta.

Mwenye mali anataka kuipeleka Ngong Racecourse, kwenye Concours d'Elegance, mashindano yaliyoanza mwaka 1970, ambako magari na pikipiki hukaguliwa mpaka chini ya tumbo. Ni jambo jema. Angalau pale kuna watu wanaoinama kutazama. Ila mwenye mali ndiye atakayesimama kando yake, si Mzee.

Mwaka 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani walikuja Kenya, na katika ripoti yao mafundi wa vibandani wakaitwa sekta isiyo rasmi. Sisi wenyewe tukawaita jua kali. Jina la kwanza linataja karatasi ambazo Mzee hana, la pili linataja paa ambalo hana. Hakuna linalotaja anachokijua. Vijana watatu wamewahi kuja kujifunza kwake. Aliyekaa muda mrefu zaidi aliondoka kwenda kuunganisha pikipiki za umeme, na Mzee alimpa baraka na spana ya kumi na nne. Kauntabuku lina kurasa chache zilizobaki. Nilimwuliza nani atalichukua, akafuta mikono yake kwa muda mrefu.

Wiki iliyopita walikuja watu na kopo la rangi, wakachora X, alama ya kubomolewa, kwenye mbao za kibanda chake, na kwenye vibanda vyote mpaka kwa fundi wa viatu. Rangi yenyewe ilichuruzika. Nilimkuta Mzee ameipa X hiyo mgongo, anakata bati la kufunika egzosi, lile ambalo Dax hii nayo ilikuwa imelipoteza.

"Panda," akaniambia.

Nikakaa. Chombo kilikuwa kidogo chini yangu, magoti yakaja karibu na viwiko. Akachuchumaa upande wa kulia, akanikunja suruali mwenyewe mpaka gotini, akashika kipande cha chaki.

"Nilikuwa na miaka tisa, Mzee," nikasema. "Mguu umekua."

"Kovu nalo limekua," akajibu, akaweka alama.