Tusiite uchafu kila data inayotuudhi

KUNA kauli ambayo siku hizi huikosi katika ripoti za utafiti, ziwe za afya, uchumi au kompyuta: “baada ya kusafisha data”. Mwandishi huipitisha upesi, kama mtu apitaye makaburini usiku, kisha hutumwagia matokeo ya kuvutia. Leo ninaomba tuisimamishe kauli hiyo njiani, tuikague imebeba nini.

Kasoro yake inaanzia kwenye kitenzi. Kusafisha, katika Kiswahili, ni jambo la kusifiwa. Nani atateta na usafi? Ukishasema umesafisha, umekwisha kuamua kwamba ulichokitoa kilikuwa taka, na msomaji hana tena haja ya kuuliza kilikuwa nini hasa. Neno limetoa hukumu kabla ya ushahidi kusikizwa.

Tuchukue mfano wa mifumo ya kuhifadhi data, yaani zile diski na seva zinazotunza rekodi za benki, hospitali na vyuo. Ubora wa mfumo wa aina hii hupimwa, pamoja na mambo mengine, kwa muda ambao ombi husubiri kabla ya kujibiwa. Muda huo huhesabiwa kwa milisekunde. Milisekunde 1,000 hufanya sekunde moja.

Sasa, tuseme yametumwa maombi 1,000. Maombi 990 yamejibiwa kwa milisekunde 5 kila moja. Yale 10 yaliyosalia yamechukua sekunde 2 kila moja. Wastani wa yote ni takriban milisekunde 25. Mpimaji anayatazama yale 10, anakunja uso, anasema ati “haya si ya kawaida”, anayafuta. Wastani unashuka hadi milisekunde 5. Mfumo umeongeza kasi mara tano bila mtu kugusa hata nati moja! Na tazama kilichopotea: maombi hayo 10 ndiyo yaliyobeba takriban asilimia 80 ya muda wote wa kusubiri.

Je, yalikuwa taka? Hata kidogo. Diski inayozunguka ikishindwa kusoma sehemu iliyochakaa, hujaribu tena na tena kabla ya kukata tamaa. Diski za flashi nazo haziwezi kuandika moja kwa moja juu ya data ya zamani. Sharti bloku nzima ifutwe kwanza, na ombi linalofika wakati huo hulazimika kungoja. Tena, diski moja ikifa na nyingine ikawa inajazwa nakala ya data zake, mfumo wote hulemewa. Hayo ndiyo maisha ya mfumo wenyewe. Ni mambo ya nadra, lakini ni yake. Anayeyafuta hajasafisha kipimo. Amepima mfumo mwingine, usiokuwepo.

Pengine utaniambia: Profesa, maombi 10 kati ya 1,000 ni kitu gani? Mwaka wa 2013, Jeffrey Dean na Luiz André Barroso wa kampuni ya Google walilijibu swali hilo katika makala yao, The Tail at Scale, iliyochapishwa katika jarida la Communications of the ACM. Walitoa mfano wa seva ambayo kwa kawaida hujibu upesi, lakini mara 1 katika 100 huchukua zaidi ya sekunde nzima. Ombi la mtumiaji likitegemea seva moja tu, ni mtumiaji 1 kati ya 100 atakayeudhika. Likihitaji majibu ya seva 100 za namna hiyo kwa pamoja, asilimia 63 ya maombi yatasubiri zaidi ya sekunde moja. Kilichoitwa nadra kimegeuka kuwa desturi. Muuguzi anayefungua rekodi ya mgonjwa hubonyeza mara moja tu, lakini nyuma ya ule mbonyezo huenda pakawa na maombi mengi, na skrini yake haijai mpaka lile la mwisho lifike.

Wataalamu hao wanayaita maombi yanayochelewa “mkia”. Hapa Kiswahili hakina haja ya kubisha hodi kwa jirani. Kila aliyepita shule humu nchini anajua maana ya kuvuta mkia. Na jambo la muhimu ni hili: anayevuta mkia bado yumo darasani na jina lake limo kwenye orodha. Ndiyo maana ninapendekeza tuseme “data zinazovuta mkia” badala ya “data chafu”. Tunaijua pia ile hila ya baadhi ya shule kuwasajili watahiniwa dhaifu kwingineko ili wastani wa shule upande. Hila hiyo hatuiiti usafi.

Najua wahandisi watanijia juu, na wana hoja. Mfumo ukiwa ndiyo kwanza umewashwa, maombi ya mwanzo hujikokota kwa sababu kumbukumbu yake ya muda bado ni tupu. Anayetaka kujua kasi yake katika kazi ya kutwa ana haki ya kuyaweka kando. Vilevile, saa ya kompyuta ikirekebishwa katikati ya jaribio, kipimo chaweza kutoka hata chini ya sifuri. Hilo ni kosa, na lifutwe. Ninachodai ni kwamba sababu ya kuondoa iwe chanzo kinachojulikana, isiwe ukubwa wa namba. Na kanuni ya kuondoa itungwe kabla ya mtu kuyaona matokeo, si baada ya kuona yamemharibia jedwali.

Lugha yetu inavyo vitenzi vya kutenganisha mambo haya. Kufuta kunastahili kosa lililothibitishwa. Kutenga ni kuweka kando kwa sababu inayotajwa, huku kilichotengwa kikitunzwa na idadi yake ikijulikana. Kupuuza ni kukiona kitu na kuamua kutokijali. Kuficha hakuhitaji maelezo. “Kusafisha” huvifunika vitenzi hivi vinne kwa blanketi moja, tusijue ni kipi kilichotendeka.

Tofauti ya kufuta na kutenga si ya maneno matupu. Mwaka wa 1985, wanasayansi Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin wa Uingereza walitangaza katika jarida la Nature kwamba tabaka la ozoni juu ya Antaktika lilikuwa likipungua vibaya mno. Setilaiti ya Marekani, Nimbus 7, ilikuwa imeupima upungufu huohuo, ila programu iliyochakata vipimo vyake ilikuwa imevitia alama ya shaka vile vilivyokuwa chini kupita kiasi. Wengi husimulia kwamba vipimo hivyo vilitupwa. Havikutupwa, vilitengwa. Na kwa kuwa vilikuwa vimetunzwa, viliporejelewa vilithibitisha kuwa shimo la ozoni ni la kweli.

Neno takwimu lenyewe lina funzo. Asili yake ni Kiarabu, taqwim, lenye maana ya kunyoosha na pia kukadiria thamani; shina lake ndilo lililotupa neno kima. Mtu mwenye haraka hukimbilia kunyoosha, akasahau kwamba kwanza alipaswa kukadiria.

Kwa hivyo, wenzangu mnaoandika na mnaosahihisha, tuache kukubali “baada ya kusafisha data” kana kwamba ni maelezo. Mtafiti na aandike hivi: “Tumetenga maombi 10 kati ya 1,000, yaliyozidi sekunde 1, kwa sababu kadha wa kadha. Wastani bila hayo ni milisekunde 5. Pamoja nayo ni milisekunde 25.” Naam, maelezo haya ni marefu zaidi. Lakini msomaji anayeyasoma anaweza kumpinga mwandishi, na yule muuguzi aliyekuwa akingoja skrini ijae anajua kwamba naye alihesabiwa.